Nilimwambia Asubiri Novemba

Fomu ya kujiandikisha kupiga kura ya Jimbo la New York ina orodha ya vyama, na mwishoni kuna kisanduku cha mtu asiyetaka kuingia chama chochote. Mimi ndiye niliyemwambia mama mdogo aweke alama pale. Ilikuwa vuli ya 2020. Yeye alikuwa jikoni kwake Buffalo, mimi nimeegesha lori kituo cha mafuta karibu na Cleveland, tunaonana kwenye simu. Hajamaliza hata miezi miwili tangu ale kiapo cha uraia. Akaileta karatasi karibu na kamera mpaka ikawa ukungu mtupu, akauliza, "Hapa kwenye chama niandike nini, mwanangu?"

Sikusita. "Weka tiki ile ya chini kabisa, mama. Sisi watu wa kuja, tusionekane na chama cha mtu. Novemba ikifika utampigia unayemtaka, imetosha."

Akaweka. Nikamwona akiikunja fomu na kuitia ndani ya bahasha, akaipiga ulimi, akaibandika. Nikajisikia nimefanya kazi njema.

Juni 22, 2021, mama mdogo alitoka kazini asubuhi, maana anasafisha wodi usiku, akapitiliza hadi kituo cha kupigia kura karibu na Grant Street, upande wa magharibi wa mji, ambako Wakongo, Warundi, Wasomali na watu wa Burma wanapakana ukuta kwa ukuta. Foleni haikuwepo. Akataja jina. Kijana wa kituo akalitafuta, akalipata, kisha akamweleza kwa adabu kwamba kura ya leo ni ya wanachama, na yeye hana chama. Alinipigia angali barazani.

"Wamenirudisha. Wanasema mimi si mwenzao. Si ndivyo ulivyoniambia niandike?"

"Pole, mama. Hiyo ni ya vyama tu. Uchaguzi wenyewe Novemba."

Akanyamaza kidogo. "Lakini mbona huku kila mtu anasema meya anapatikana leo?"

Nikasingizia mtandao mbovu, nikakata simu.

Nimechukua muda mrefu kuyaandika haya kwa sababu ya jina ninaloitwa. Watu wetu wa Louisville, wa Columbus na wa Buffalo wananiita Mwalimu. Nilifundisha Uraia shule ya sekondari Muheza, mkoani Tanga, kabla ya bahati nasibu ya viza kunileta huku na kunifanya dereva. Njia yangu ni moja: barabara kuu namba 71 inayoanzia Louisville, inapita Columbus na kuishia Cleveland, halafu namba 90 kandokando ya ziwa Erie mpaka Buffalo. Jumamosi nikiwa nyumbani Louisville nafundisha bure darasa la mtihani wa uraia kwenye ukumbi wa kukodi, Preston Highway. Mpaka 2025 maswali yalikuwa 100. Mojawapo liliuliza vyama viwili vikuu vya siasa vya Marekani ni vipi, na darasa zima lililijibu kwa pamoja kama jedwali la kuzidisha: Democratic na Republican.

Jibu ni sahihi, na mwenye kulijua alipata alama. Mimi nilikwenda nalo mbali kuliko lilivyotaka. Niliwafundisha watu, na kujifundisha mwenyewe, kwamba kila mji wa nchi hii una vyama hivyo viwili vinavyokabana koo kila Novemba kama Simba na Yanga. Mtu wa Tanga ningepaswa kuwa wa mwisho kukosea hivyo. Sisi tuna Coastal Union na African Sports, na siku zinapokutana hakuna anayeuliza Simba na Yanga wako wapi.

Buffalo haijapata meya wa Republican tangu mwisho wa 1965. Mwaka ule wa 2021 chama hicho hakikusimamisha hata mgombea. Byron Brown, Mdemocrat aliyekuwa meya tangu 2006, aliona mchujo wa Juni, ile kura ya wanachama, kama shughuli ya kupitisha tu, akakataa hata midahalo. India Walton, muuguzi aliyejiita msoshalisti, alimshinda kwa kura elfu moja na kidogo. Mji wa watu zaidi ya laki mbili na nusu, na tofauti ni elfu moja. Watu wa mitaa ya mama mdogo, wale waliojiandikisha kwa ushauri wangu na wa wajuzi wenzangu, walikuwa nje wakisubiri Novemba.

Huwa najiuliza nililijua hili au sikulijua. Nililijua. Ndiyo maana naita kosa na siiti ujinga.

Darasani Muheza nilikuwa nikieleza kura ya mwenye nyingi achukue kwa mfano wa jirani zetu. Kenya, Desemba 1992: Moi alipata asilimia 36 tu, na akabaki Ikulu, kwa kuwa Matiba, Kibaki na Oginga Odinga waligawana zilizobaki. Miaka kumi baadaye wapinzani walikaa mkeka mmoja, Kibaki akapata asilimia 62. Nilikuwa napiga chaki ubaoni: kura ya namna hii huwasukuma watu wajipange pande mbili, maana wa tatu anapoteza kura na kuwapotezea wenzake. Mfaransa Maurice Duverger aliliandika hilo kitabuni 1951, na kwenye mitihani yangu lilikuwa na alama 5.

Nisichokuwa nikikisema ni kwamba watu hujipanga pande mbili kwa kila kiti, palepale kiti kilipo. Hawajipangi kwa ramani ya nchi nzima. Ukitazama kiti cha meya wa Buffalo, pande mbili zipo, ila zote ziko ndani ya nyumba moja. Chama kikishindwa mahali mara nne, mara tano, kijana mwenye tamaa ya uongozi hakifuati tena. Anakwenda kujiandikisha kunakoshinda. Mfanyabiashara anayetoa michango naye anahamia huko. Baada ya miaka 20 chama kile kidogo kinabaki na ofisi, bendera na wazee wachache wanaokunywa kahawa. Ushindani haufi, unahamia chumbani. Anayebaki sebuleni anasikia sauti tu.

Baba yangu alinisimulia haya nikiwa mtoto, bila Mfaransa. Mwaka 1965, Tanzania Bara ikiwa imeingia chama kimoja, TANU ilisimamisha wagombea wawili kila jimbo, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Chama kilekile, kadi ileile. Wageni waliona mchezo wa kuigiza. Asubuhi ya matokeo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alikuwa amekwisha kuangushwa. Baba alipenda kulitamka jina hilo taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeonyesha kovu la nchi. Na mimi mwenyewe, baada ya vyama vingi kurudi, nilisimamia kituo cha kura kama walimu wengi wanavyofanya. Mwaka 2005 niliona watu wakinuniana mtaa mzima kwa sababu ya kura za maoni za CCM, halafu siku ya uchaguzi wenyewe, uliosogezwa hadi Desemba, wakaja wametulia kama waendao sokoni.

Shemeji yangu wa Columbus, mtu wa Kisumu, alinicheka niliposimulia ya mama mdogo. "Mwalimu, na wewe umesoma? Kwetu tiketi ya ODM ndiyo kiti. Kura ya mchujo ndiyo watu wanavunjiana viti. Ile ya Agosti unaenda tu kuthibitisha."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unafundisha."

Kwa nini basi nilisema weka tiki ya chini? Woga. Nilikulia kwenye imani kwamba mtumishi mwenye akili haonyeshi kadi yake, na kwamba jina likishaandikwa kwenye daftari la chama halifutiki. Nikauvalisha woga huo suti ya busara, nikauita kujitegemea. Mama mdogo ni dada wa mama yangu. Ana miaka 61, amevuka nchi tatu kabla ya kupata karatasi ya kuitwa raia. Hakuhitaji kurithi woga wangu juu ya wa kwake.

Nilipokuja kuisoma sheria yao kwa utulivu ndipo niliposhika kichwa. New York anayetaka kubadili chama chake ili apige kura ya mchujo wa Juni lazima awe amebadili ifikapo Februari 14. Baada ya hapo mabadiliko yanasubiri mchujo upite. Kentucky, kwangu, ni mapema zaidi: Desemba 31 ya mwaka uliotangulia. Wahenga walipotuambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, hawakuwa na habari kwamba kuna majimbo yataifanya kuwa sheria yenye tarehe. Na Ohio, katikati ya njia yangu, haina kabisa daftari la wanachama. Unafika kituoni siku ya mchujo, unaomba karatasi ya chama unachotaka, na kuomba huko ndiko kunakokuhesabu. Majimbo matatu kwenye safari ya siku moja, kanuni tatu. Mimi nilikuwa natoa ushauri mmoja kwa wote, na sauti ya darasani.

Novemba 2021 ilifika. Mama mdogo alipiga kura, na hakukuwa na sherehe ya kuthibitisha mshindi wa Juni. Brown alikuwa ameshindwa mahakamani kuliingiza jina lake kwenye karatasi, kwa hiyo akawaomba watu waliandike wenyewe kwa mkono, na kwa wasioweza kuandika vizuri watu wake wakagawa mihuri ya wino. Nilipopita Buffalo wiki ile mama mdogo alinionyesha wake, mdogo kama kidole gumba, ukiwa ndani ya mkoba pamoja na tasbihi na kadi ya basi. Wino ulikuwa umevuja ukachafua bitana. Sikumwuliza kama aliutumia. Alikuwa na haki ya kuninyima walau hilo. Brown alipata karibu asilimia 60 ya kura zote. Warepublican wa Buffalo, wasio na mgombea, walipata wa kumpigia.

Wazee wa mji hawakushangaa. Mwaka 1977 Arthur Eve, Mmarekani mweusi, alishinda mchujo wa Democratic, halafu Jimmy Griffin aliyeshindwa akarudi Novemba kwa mgongo wa chama cha Conservative na kuchukua umeya, akakaa mpaka 1993. New York inawezekana hivyo kwa sababu ina vyama vidogo vinavyoruhusiwa kumweka mgombea mmoja na chama kikubwa, kwa hiyo kila mara kuna mlango wa uani. Mji wa chama kimoja, kumbe, una duru mbili: ya wanachama na ya wote. Aliyezoea kushinda ya kwanza anaweza kuangushwa ya pili. Hilo lilikuwa mbele ya macho yangu Novemba ile. Nililiona, nikacheka habari ya mihuri, nikasahau.

Maana mtu aliyeunguzwa na moto wa kuni huogopa hata mkaa baridi. Desemba ile, kabla ya tarehe 31, niliwapitia watu wetu wa Louisville nyumba kwa nyumba. Nilikuwa na hamasa ya mwongofu. Nikawaambia waingie Democratic wote, maana Louisville meya wote ni wa chama hicho tangu 1969, na Mei ndiyo uchaguzi. "Novemba," nilisema kwenye mkutano wa chama chetu cha kufa na kuzikana, "ni sherehe."

Mei 17, 2022 walikwenda. Wagombea wa Democratic walikuwa 8, na Craig Greenberg aliwapita wote kwa asilimia kama 41. Yaani wengi zaidi hawakumtaka kuliko waliomtaka, lakini mwenye nyingi achukue. Watu wetu walipiga picha na vibandiko vyao vya kura vifuani. Nikatuma sauti ya dakika nzima kwa wote kuwapongeza, na ndani yake nikajipongeza.

Mwezi uliofuata nikaenda harusini Columbus. Nilikaa na wanaume nje ya ukumbi, karibu na Morse Road, na kwa kuwa sasa nimekuwa bingwa wa kura za mchujo, nikawaambia ya kwao imepita Mei 3, wasihangaike tena mpaka vuli. Sikujua kwamba mgogoro wa mipaka ya majimbo ya uchaguzi Ohio ulikuwa umeisukuma kura ya mchujo ya wabunge wa jimbo hadi Agosti 2. Waliojitokeza siku hiyo, Ohio yote, hawakufika asilimia 10 ya waliojiandikisha. Kati ya waliopita kwenye mlango huo mwembamba ni Ismail Mohamed na Munira Abdullahi, ambao Novemba walikuwa Wasomali wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la Ohio. Walifika bila msaada wangu, na kwa meza ile moja ya harusini, licha ya ushauri wangu. Mmoja wa wanaume wale aliniambia baadaye kwamba alikuwa likizo siku hiyo ya Agosti, amelala nyumbani, umbali wa kutembea tu hadi kituoni.

Columbus ina jambo jingine lililonipita. Mji huo zamani ulikuwa na mizani: Greg Lashutka, Mrepublican, alikuwa meya mpaka mwanzo wa 2000. Baada yake hajaonekana mwingine. Jimbo la Ohio likawa linakwenda upande wa pili, likampa Obama kura mara mbili na baada ya hapo Trump mara tatu. Mji na jimbo vikapishana barabarani kama malori yetu usiku, kila kimoja na taa zake. Tangu 2023 mji una kata 9 za udiwani, nami niliwaambia watu wa kaskazini mwa mji kwamba sasa watapata diwani wao. Ilikuwa shemeji tena aliyenishika mkono: diwani anatakiwa kuishi kwenye kata, lakini anapigiwa kura na mji mzima. Kwa hesabu ya namna hiyo, walio wengi mjini wanachukua viti vyote, na ndivyo ilivyo.

Sasa ile Novemba ya Louisville, niliyoiita sherehe.

Mpinzani wa Greenberg alikuwa Bill Dieruf, Mrepublican, meya wa Jeffersontown, mji mdogo uliomo ndani ya kaunti yetu. Nilimdharau kwa sababu ya ile hesabu ya 1969. Nilichokiacha ni kwamba Louisville ya 1969 na Louisville ya leo ni miji miwili yenye jina moja. Wapigakura walikubali mwaka 2000 kuuunganisha mji na kaunti ya Jefferson, na kuanzia 2003 watu wa vitongoji vya nje, wenye nyasi zilizokatwa na kura za Republican, wanamchagua meya mmoja na sisi wa kusini mwa mji. Ukipanua uzio, mbuzi wanaongezeka. Dalili ilikuwepo tangu 2010, Greg Fischer aliposhinda kwa asilimia 51 dhidi ya 48. Sikuwa nimeitazama. Greenberg alipita kwa pointi kama 5 tu, na kwenye karatasi ileile kulikuwa na marekebisho mawili ya katiba ya jimbo, moja la utoaji mimba, yote mawili yakakataliwa. Sherehe gani hiyo.

Watu wangu wengi hawakwenda. Kwenye mkutano wa Desemba mweka hazina wetu, mama wa Uvira asiyepandisha sauti hata akidai michango, alisubiri nimalize taarifa ya gari la maiti na kukodi ukumbi, akasema, "Mwalimu, mwaka jana uliwalaza wenzetu wa Buffalo Juni. Mwaka huu umetulaza Novemba. Tuamke lini?"

Ukumbi ulicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa nilikuwa sina pa kuweka uso. Kisha akaongeza, na hilo halikuwachekesha watu: mwaka 2019 Andy Beshear alipata ugavana wa Kentucky kwa tofauti ya kura elfu tano na kidogo, na mgombea wa chama cha Libertarian alikuwa na kura zaidi ya elfu 28. "Wewe ndiye uliyetufundisha habari za Moi na Matiba," alisema. "Hawa si ndio wale wale?"

Ndio wale wale. Beshear alishinda bila kufika nusu. Nilikuwa nimeufundisha mfano wa 1992 miaka yote hiyo bila kuugeuza uso kuelekea mahali ninapoishi.

Tangu hapo nimejizoeza kutazama Kentucky kwa umri wake. Iko kaunti ya milimani mashariki, Elliott, iliyoundwa 1869, ambayo haikuwahi kumpa Mrepublican kura ya urais hata mara moja mpaka 2016, halafu ikampa Trump asilimia 70. Mwaka huohuo wa 2016 Warepublican walilichukua baraza la wawakilishi la jimbo walilokuwa hawajaliongoza tangu 1921, wakatoka viti 47 hadi 64 kati ya 100. Ukisoma haraka utasema watu waligeuka usiku mmoja. Nimezungumza na mzee mmoja wa huko tukisubiri kupakua mzigo, akaniambia ameandikishwa Democratic tangu ujana na hajampigia Mdemocrat urais tangu Clinton. Daftari lilikuwa bado linasoma hali ya babu yake. Hata baada ya jimbo zima kuhama kwa kura, wanachama walioandikishwa Democratic waliendelea kuwa wengi kuliko Warepublican mpaka 2022. Muda wote huo, kwa mzee yule, mchujo wa Democratic ndio ulioamua sherifu na karani wa kaunti, hivyo akabaki. Alielewa kwa nini yumo ndani ya chama asichokipenda. Mimi sikuelewa hata kwa nini nimo nje.

Na kila ninapodhani nimeshika, kinaondoka. Mwaka 2024 bunge la jimbo, lenye Warepublican wengi, lilipitisha sheria, likapindua kura ya turufu ya gavana: kuanzia 2026 meya na madiwani wa Louisville wanachaguliwa bila jina la chama kwenye karatasi. Mei wote wanashindana pamoja mbele ya wapigakura wote, wawili wa juu wanakutana Novemba. Kwa hiyo ile safari yangu ya nyumba kwa nyumba ya Desemba 2021, kwa kiti cha meya, imefutwa. Kwa viti vya bunge la jimbo na la taifa, haijafutwa. Jumamosi moja nilitumia saa nzima kulieleza hili, na mwishoni kijana wa nyuma akauliza kama linatoka kwenye mtihani. Halitoki.

Mama mdogo aliingia Democratic kabla ya Februari 14 iliyofuata ile Novemba ya mihuri, bila kunishirikisha. Aliniambia baada ya kupeleka fomu. Juni 2025, Sean Ryan alipomshinda kaimu meya Chris Scanlon kwenye mchujo, alikuwa ndani ya kituo kilekile cha Grant Street, na safari hii alipewa karatasi. Kalenda ya jikoni kwake, ile ya duka la nyama halali, ina duara jekundu kwenye Februari 14 kila mwaka. Majirani wanadhani ana mchumba.

Kwenye daftari langu la madarasa nimewahesabu watu 31 niliowaambia waache chama na wasubiri Novemba, kati ya 2016 na 2021, katika miji hii mitatu. Nimewapigia 19 na kuwaomba radhi. Wengine wamehama, namba zimebadilika. Kama wewe ni mmojawao na unasoma hapa, nisamehe. Kisha ipigie simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako, uwaulize jina lako limeandikwa chini ya chama gani, mchujo ni lini, na siku ya mwisho ya kubadili ni ipi. Usinipigie mimi.